Mvua ndiyo iliyochangisha

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: je, waandaaji wa safari za baiskeli za hisani waahirishe mvua kubwa inaponyesha, au ahadi ni deni, waende tu? Swali hilo limenigusa penyewe, kwa hiyo mnisamehe nikizidisha maneno.

Jibu fupi: waahirishe. Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Kimara, na sioni kijana anayeshinda ofisini Posta wiki nzima anatafuta nini katikati ya malori ya Zambia na Kongo, Barabara ya Morogoro, mwezi wa nne, lami imelowa.

Ila mngeanza kuuliza kwa nini mvua inawakuta kila mara. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu mapema kabisa. Kisa ni Pasaka. Mwenye ajira anapata siku nne za mfululizo, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na Pasaka haiangukii nje ya Machi 22 na Aprili 25. Ukipanga safari Pasaka, umeipanga mvua pia. Halafu tunasomewa kwenye shukrani kwamba "tulipatwa na hali mbaya ya hewa", utadhani ilitokea Ulaya bila taarifa.

Naongea nilichokiona. Mwaka mmoja mtoto wa dada yangu alinibembeleza: "Mama mdogo, wewe utakaa tu kwenye gari." Gari lenyewe ni pikapu ya kuazima iliyofuata kundi kwa nyuma, mimi ndani na sanduku la huduma ya kwanza, ndizi, katoni za maji na simu ya mweka hazina. Walikuwa wanakwenda Morogoro, kilomita 190 hivi ukihesabu kutoka katikati ya Dar, kuchangisha vitanda vya kujifungulia vya zahanati moja ya kijijini. Waliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, mbingu zimefunga. Mpaka Kibamba ilikuwa manyunyu na nyimbo. Tulipofika Kibaha ikashuka yenyewe.

Ukiwa nyuma unaona mambo ambayo wao hawayaoni. Hizi baiskeli za mbio hazina madigadi, kwa hiyo tairi la nyuma linamchora mtu mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Lori likipita, kwanza upepo wake unamsukuma pembeni, kisha unamvuta ndani, kisha anamwagiwa maji machafu yenye oili usoni. Breki zao nyingi zilikuwa za mpira unaobana rimu. Rimu ikilowa, unabana na baiskeli bado inakwenda, mpaka mpira uyafute yale maji kwanza. Nilikuwa nikikanyaga breki miguuni mwangu, na wala sikuwa dereva.

Mlandizi, binti mmoja anayefanya kazi benki aliingia kwenye shimo lililojificha chini ya dimbwi. Hakuumia sana, magoti tu, lakini rimu ya mbele ilipinda. Tukajibanza kwenye kibaraza cha fundi baiskeli. Fundi akaigeuza baiskeli miguu juu, akaweka kidole gumba karibu na rimu kiwe kipimo, akawa anazungusha gurudumu polepole. Rimu ikigusa kidole anasimama, anakaza spoku moja, analegeza ya upande wa pili, anazungusha tena. Kazi ile ilichukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwisho akasema elfu nane. Mtoto wa dada akaruka: "Elfu nane? Si elfu tano?" Fundi akamjibu bila kuinua macho: "Elfu tano ya kiangazi." Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Pale kibarazani alikuwepo pia mwenye mkaa. Baiskeli yake nyeusi ya Kichina, magunia matatu, yote yamefunikwa turubai. Yeye mwenyewe alikuwa na fulana na malapa, maji yanamchuruzika. Turubai lilikuwa la mkaa, maana mkaa ukilowa haununuliki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Akawageukia vijana. "Mnakwenda wapi?" Moro. "Mmebeba nini?" Wakatazamana. Hatujabeba kitu. Akafikiri kidogo. "Sasa si mngepanda basi?"

Mtoto wa dada akamweleza habari ya zahanati, kinamama, vitanda, watu wanatuma pesa kwa simu. Yule baba alisikiliza kwa heshima kabisa. "Wanatuma kwa sababu mnaendesha?" Ndiyo. "Mimi naendesha kila siku."

Wala hakusema kwa uchungu, alisema tu kama mtu anayetaja kazi yake. Akawashauri wapunguze upepo kidogo kwenye matairi ili yashike lami, akasubiri mvua ipungue, akaondoka. Kwenye mteremko nilimwona anabreki kwa kukandamiza lapa kwenye tairi.

Yule binti wa benki naye alikuwa anatetemeka. Watu hawaamini kwamba Pwani mtu anaweza kupata baridi ya hatari, lakini nguo iliyolowa na upepo wa barabarani vinakomba joto mwilini, na mtu aliyechoka hana la kuongeza. Midomo ilikuwa imepauka, na majibu yake yalianza kuchelewa. Nikamvua jezi, nikamfunga khanga mbili, nikampa chai ya tangawizi, nikamwamuru apande gari. Alilia. Alisema ameahidi watu. Nikamwambia na mimi nimeahidi mama yake.

Sasa ile simu. Tangu Mbezi ilikuwa kimya, nimeifunga kwenye mfuko wa mkate isilowe. Pale Mlandizi mtu alipiga picha mgongo wa yule binti, tope tupu, akairusha kwenye magrupu. Tulipofika mizani ya Vigwaza simu ilikuwa haipumziki. Elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Mzee mmoja mwenye nafasi yake, ambaye tangu Januari alikuwa anajibu "nitaliangalia", alituma laki moja. Wale kinamama walikuwa wanajifungulia chini Januari pia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema safari hizi zifutwe kabisa, watu wachange wakiwa wamekaa majumbani. Lakini walikuwa wamekaa majumbani, na hawakuchanga. Sisi wa Dar harusi tunaichangia kwa sababu kuna kamati inayokupigia simu mpaka uone haya, na mwisho kuna pilau. Zahanati haina pilau. Kumbe mvua ile ndiyo ilifanya kazi ya kamati. Inaniudhi, lakini vitanda vilinunuliwa, nilikwenda kuviona, na sikumsikia mama yeyote pale akiuliza pesa imetoka kwa huruma ya aina gani.

Kwa hiyo, Mhariri, waende. Najua nilianza kwa kusema waahirishe, liache hivyo hivyo. Ila manyunyu ni kitu kimoja na kimbunga ni kingine. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia hata boti za Zanzibar zilisimama, na siku kama hiyo anayewaruhusu vijana waingie barabarani ashitakiwe. Angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitoka wafikirie, tahadhari kubwa ikitoka walale. Kama ni lazima iwe Pasaka, waache Barabara ya Morogoro, waende Bagamoyo, ambako angalau hawatagombea lami na malori ya Zambia na Kongo. Nyuma yao liwepo gari, na ndani ya gari awepo mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mtu "panda" na akapanda.

Na wafunge madigadi. Nimeshaambiwa kwamba bila tope mgongoni picha haitakuwa na nguvu. Kama ni kweli, kama michango itashuka kwa sababu ya kibati cha elfu chache, basi narudi kwenye jibu langu la kwanza.

Muuguzi mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam