Vigae vya kahawia ndani ya jiwe la chokaa: ni samaki gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto huku Kunduchi. Juzi nilipasua jiwe la chokaa nikakuta kitu cha kahawia kinachong'aa, upana wake kama sentimita 5, kimejaa vijipande vilivyopangana. Wenzangu wanasema ni ubavu wa samaki na yale ni magamba yake. Mmoja kanishauri nikiloweke kwenye siki kitoke chote. Ni samaki gani, ana miaka mingapi, na hiyo siki inafaa?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Nianze na siki, maana hapo ndipo kitu kinaweza kuharibika leo hii: usiitie. Maabara hutumia asidi ya namna hiyo kuyeyusha chokaa, lakini huizimua, huitia fosfeti ili meno na mifupa visiliwe, kisha kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba, huoshwa kwa maji safi kwa muda mrefu. Bila hayo uso wake hulika, na chumvi zinazobaki ndani hukipasua kinapokauka. Wewe tumia maji kidogo, mswaki laini na kijiti cha mbao. Sehemu iliyong'ang'ania jiwe iache ilivyo.

Sasa samaki. Sidhani kama ni ubavu, na kinachonitia shaka ni mwamba wenyewe. Chokaa ya matumbawe hujengeka penye mawimbi, kaa na walaji wengine wa mizoga. Samaki akifia hapo hutawanyika upesi, pingili huku, miiba kule. Ili abaki mzima anahitaji maji yaliyotulia, tope laini, na hewa haba kule chini asije mtu wa kumla. Nchini kwetu mahali pa namna hiyo ni Mahenge, mkoani Singida, palipokuwa na ziwa ndani ya kreta takriban miaka milioni 46 iliyopita. Huko wamepatikana samaki wenye mapezi na miiba yao, akiwemo Mahengechromis, jamaa wa kale wa perege na sato. Kwenye matumbawe, kinachodumu zaidi ni meno.

Chukua lenzi, au kamera ya simu uivute karibu, utazame kingo za vile vijipande. Magamba ya samaki wengi wa leo hulaliana kama vigae vya paa. Meno ya kusagia hayalaliani, hugusana ubavu kwa ubavu. Wapo samaki wa kale wenye magamba mazito ya pembe nne yanayokaribia kupangana hivyo, kama Lepidotes aliyepatikana Tendaguru, Lindi, lakini miamba ile ni ya zama za dinosaria, na matumbawe yako hayafiki huko. Kwa hiyo kama kingo zinagusana tu, mimi nasema umeshika taya.

Taya la nani? Nawashuku wawili. Wa kwanza ni samaki aitwaye taa, wale wenye mabawa yaliyochongoka wanaovunja chaza na konokono wa bahari. Meno yao ni vipande bapa vilivyofungana, vya katikati vikiwa vipana kuliko vya pembeni, na upande wa chini una mifereji myembamba kama meno ya kitana. Wa pili ni pono. Huyu, mbali na mdomo wake mgumu kama wa kasuku, ana kinu kooni cha kusaga matumbawe: mfupa wenye safu nyingi za meno madogo yaliyopinda kidogo, yameota juu ya mfupa wenyewe. Ukiona mifereji chini, ni taa. Ukiona mfupa, ni pono. Kwa upana uliotaja naelemea kwa taa, ila upande wa chini ndio utakaoamua.

Huhitaji kitabu kwa hili. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, waombe wanaopaa samaki wakuwekee kichwa cha pono na taya la taa. Vichemshe hadi nyama iachie, visugue, uvikaushe, kisha uweke kisukuku chako kando yake. Wataalamu wa visukuku nao hulinganisha hivyo hivyo, mfupa kwa mfupa, na pwani yetu ina bahati ya kuwa na samaki wa kulinganishia kila siku.

Umri hausemwi na jino. Jamii hizi za taa zimekuwepo kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na kipimo cha kaboni, kinachotumika kujua umri wa mabaki ya viumbe, huishia karibu miaka 50,000. Mwamba ndio unaotoa jibu, kwa matumbawe yenyewe na kwa viumbe vidogo sana vinavyoitwa foraminifera. Ndiyo maana nakusihi utunze kipande cha jiwe kilichokizunguka, na uandike kilitoka ukuta upi wa machimbo na kimo gani kutoka sakafuni. Kikiokotwa kwenye lundo la lori, habari hiyo imepotea.

Usikiuze wala usikubali kisafirishwe nje. Visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na ukivipata unapaswa kutoa taarifa. Kipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kikiwa kimefungwa kwa karatasi laini ndani ya boksi. Kabla ya hapo nitumie picha mbili zilizopigwa jua likiwa la ubavuni, pembeni pakiwa na rula: moja ya kingo, na moja ya upande wa chini.