Mahekalu ya Kale ya Tamil Nadu: Fuata Saa za Ibada

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, huenda kwa matibabu, wao wenyewe au kwa kumsindikiza mgonjwa, na mara nyingi kati ya vipimo na majibu hupatikana siku chache zisizo na kazi. Mimi nilizitumia siku za namna hiyo kutembelea mahekalu ya kale ya Wahindu. Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kwamba ratiba ya mgeni ifuate saa za ibada, kwa kuwa majengo haya, pamoja na ukongwe wake, bado yanaswaliwa kila siku. Mengi hufunguliwa alfajiri, hufungwa mnamo saa sita mchana, na hufunguliwa tena kuanzia saa kumi jioni. Anayetoka hotelini saa nne hukuta milango inakaribia kufungwa na mawe ya uani yameshashika moto, ilhali viatu ni lazima viachwe nje.

Ikiwa una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, panda treni hadi mji wa Thanjavur. Hekalu la Brihadisvara, lililojengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola na kukamilika mwaka 1010, lina mnara wa granaiti unaozidi meta 60, na UNESCO ililiingiza hekalu hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Wageni hukaza macho juu. Mimi nashauri uanzie chini, kwenye kuta za msingi zilizojaa maandishi ya Kitamil. Humo yameorodheshwa dhahabu na sanamu alizotoa mfalme, mifugo iliyowekwa wakfu ili samli ya taa isikatike, na wanawake wapatao 400 wa kucheza ngoma za ibada, kila mmoja kwa jina lake na mahali alipotoka. Ukisomewa hayo ndipo unapoelewa kuwa hekalu lilikuwa pia hazina na mwajiri mkubwa. Kwa sababu hiyo, chagua kiongozi wa wageni anayeweza kukusomea ukuta, na mpatane malipo kabla hamjaanza. Akikwambia kwamba kivuli cha mnara hakifiki chini, jua kuwa ni hadithi tu: mimi nimekaa ndani ya kivuli hicho nikikimbia jua.

Kuhusu mavazi, kanga na kikoi vinatosha kabisa, almuradi mabega na magoti yamefunikwa, ingawa katika baadhi ya mahekalu, kama la Chidambaram, wanaume hutakiwa kuvua shati wanapokaribia chumba kitakatifu. Zunguka ukiwa na chumba hicho mkono wako wa kulia. Ruhusa ya kuingia hutofautiana: Thanjavur huwapokea watu wa dini zote, lakini katika hekalu la Meenakshi mjini Madurai asiye Mhindu huishia nje ya chumba cha ndani, na simu huachwa mlangoni. Usibishane na walinzi. Kumbi zilizo wazi kwa wote zina nakshi za kukushughulisha asubuhi nzima.

Msomaji Mwislamu au Mkristo asihofu kwamba atalazimishwa kusujudu au kupakwa majivu katika paji la uso. Kuhani akikuletea, unganisha viganja kwa heshima na utikise kichwa kuashiria hapana, naye atapita kwa mwingine. Ukiamua kupokea chochote, kipokee kwa mkono wa kulia, adabu ambayo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa.

Ukibakiwa na siku moja zaidi, nenda Darasuram, karibu na mji wa Kumbakonam. Hekalu lake la karne ya 12 ni dogo kuliko la Thanjavur na wageni ni wachache, na ukumbi wake wa mbele umechongwa mfano wa gari la kukokotwa na farasi. Mimi nalipenda kuliko lile kubwa. Bajaji za kutoka Kumbakonam hazikosekani, ila mwombe dereva akusubiri.