Turbaini za baharini: uzito wa mapanga unaenda wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nasoma umeme, mwaka wa tatu. Tunafundishwa kwamba turbaini za upepo wa baharini haziipi gridi inesha (ukinzani wa vitu vizito vinavyozunguka dhidi ya kubadili kasi) kwa sababu zimeungwa kwa inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachogeuza mkondo. Mbona mapanga yake ni mazito na yanazunguka? Je, zinaweza kuzuia frikwensi (idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde, Hz) isianguke kituo kikubwa kikizimika?

JIBU: Marahaba. Uzito upo, ila umejificha nyuma ya inveta. Jenereta ya mvuke au ya maji imefungwa nira moja na gridi: frikwensi ikishuka, rota, yaani sehemu yake inayozunguka, nayo inapungua kasi, na nishati ya mzunguko wake inamwagika kwenye waya bila mtu kuamuru. Turbaini ya kisasa hugeuza umeme wake kuwa mkondo mnyoofu (DC), kisha kuwa mkondo geu (AC) tena. Mapanga hayana habari na yanayotokea gridini.

Piga hesabu. Gridi ya 50 Hz ina nishati ya mzunguko ya gigawati-sekunde 200, na ghafla inapoteza MW 1,000. Frikwensi itaanza kushuka kwa 0.125 Hz kila sekunde. Punguza nishati hiyo kwa nusu, kasi ya kushuka inakuwa 0.25. Angalia vizuri: inesha haizuii frikwensi kushuka, inanunua muda tu. Kinachoizuia ni nguvu ya ziada inayoingia kabla muda huo haujaisha. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili, na hata wahandisi wamo.

Sasa, inveta inaweza kuamriwa. Ikiona frikwensi inashuka, inakamua nishati ya mapanga na kutoa, tuseme, asilimia 10 zaidi kwa sekunde chache. Hydro-Québec, shirika la umeme la Kanada, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kudai jambo hili kwenye masharti ya kuunga mashamba ya upepo. Lakini huo ni mkopo. Mapanga yamepungua kasi, na ili yairudie, turbaini inatoa umeme pungufu kuliko mwanzo. Turbaini zote zikilipa kwa pamoja, frikwensi inaanguka mara ya pili. Upepo ukiwa mkali kupita uwezo wa turbaini, deni halisumbui: pembe za mapanga zinafunguliwa kidogo na upepo wa ziada unalilipa.

Unaweza pia kuendesha shamba chini ya uwezo wake ili pabaki akiba, ila kila saa unamwaga umeme ambao ungeuzwa. Kwa kazi hiyo mimi ningeweka betri. Frikwensi ikipanda, hapo upepo hauna mpinzani: geuza mapanga, umeme unapungua mara moja.

Baharini kuna tatizo jingine. Shamba la mbali likiunganishwa kwa kebo ya mkondo mnyoofu, frikwensi ya huko hutengenezwa na kituo cha baharini chenyewe. Nchi kavu inaweza kuanguka na turbaini zisijue. Lazima upeleke ishara, au kituo kiige mshuko wa nchi kavu.

Tarehe 9 Agosti 2019 Uingereza, radi ilipiga njia ya umeme. Shamba la upepo wa baharini la Hornsea likapoteza MW 737, kituo cha gesi cha Little Barford nacho kikaanguka, frikwensi ikafika 48.8 Hz na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Upepo haukukoma siku ile. Mfumo wa kudhibiti volteji wa Hornsea uliyumba baada ya radi, na ulinzi ukazima turbaini. Programu ikabadilishwa.

Ndiyo maana siku hizi tunazungumzia inveta zinazojijengea volteji yake badala ya kufuata ya gridi. Nazo zinahitaji nishati ya kuchota papo hapo, na hazivumilii mkondo mkubwa kama jenereta. Ukifanya mradi wa chuo juu ya hili, usiishie kwenye sekunde 5 za kwanza za grafu ya frikwensi. Endelea hadi 60, uone mkopo unavyolipwa.