Mkojo wa kijani baada ya nusu kaputi: jibu kwa aliyeuliza habari za shangazi yake

Mkuu, pole na mgonjwa. Umeuliza kwa nini mkojo wa shangazi umetoka kijani baada ya operesheni ndefu hapa Mbeya, na ndugu wameshaanza kusema kapewa sumu. Kazi yangu ni kulaza watu usingizi thieta, nyanda hizi hizi, na rangi hiyo nimeiona.

Alikuwa kijana wa bodaboda, kavunjika paja na taya. Tuliingia asubuhi, tukatoka giza limeshaingia. Usingizi wake ulikuwa wa propofoli, ile dawa nyeupe tunayoiita maziwa, ikipita mfululizo kwenye mshipa. Jioni nesi akainua mfuko wa mkojo: kijani kama jani changa la mgomba. Mpasuaji akanitazama mimi, mimi nikatazama mashine. Mapigo sawa, presha sawa. Tukapima figo na potasiamu, safi. Wodini bi mkubwa wake, mtu wa Tukuyu, akaangua kilio kwamba mwanawe karogwa, na mjomba mtu alishapiga simu kijijini. Kesho yake mchana mkojo ukarudi rangi yake.

Ini ndilo huivunja propofoli, na mara chache mabaki yake yakipita kwenye figo hutia rangi hiyo. Hayadhuru. (Methilini bluu, dawa yenye rangi ya bluu, nayo hupaka mkojo rangi, waulizeni kama alipewa.)

Dawa hiyo hiyo ina balaa lingine, na hilo ndilo linalotunyima raha. Mwaka 1992 madaktari Uingereza waliripoti watoto 5 waliofia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wakiwa kwenye dripu yake: damu ikajaa asidi, mapigo yakashuka, moyo ukashindwa. Hatari hupanda dozi ikizidi miligramu 4 kwa kila kilo kwa saa, tena kwa zaidi ya saa 48. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 240 kila saa. Thieta tunaipita mara nyingi tu, ila sisi tunahesabu saa, ICU wanahesabu siku. Misuli ikishaanza kuvunjika, mkojo huwa wa kahawia iliyokoza, si kijani.

Kama shangazi anaongea, hana homa na rangi inafifia, tulieni. Ukigeuka kahawia, au akalalamika misuli, au mapigo yakawa ya polepole, mwiteni daktari usiku huo huo. Na kabla hajaruhusiwa, ombeni jina la dawa na hiyo rangi viandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, ili siku akipasuliwa tena Iringa au Dar wasidhani kijani hicho ni nyongo, wakahangaika kutafuta imevujia wapi.