Kwa wewe unayeanza kukaa na hasira zako

Mimi ni fundi cherehani, si mtawa. Kukaa na kufuata pumzi nilifundishwa katika hekalu la Kibuddha la Wasinhala, watu wa Sri Lanka, hapa Dar es Salaam, lililopo tangu enzi za ukoloni. Nyumbani waliniuliza kama nimebadili dini. Sijabadili, naswali kama kawaida.

Siku ya tatu au ya nne utajiona una hasira kuliko ulivyokuja. Usitishike. Hasira ilikuwepo siku zote, ila mdomo ulikuwa unaiwahi kabla hujaiona.

Halafu utaanza kujiona mpole, na hapo ndipo pa kuangalia. Buddha alisimulia habari za Vedehika, bibi wa mji wa Savatthi huko India ya kale, aliyesifiwa upole mtaa mzima. Mjakazi wake, Kali, alikuwa hodari wa kazi. Siku moja Kali akajiuliza: huyu bibi hana hasira kweli, au ni kwa vile sijamkosea? Akachelewa kuamka makusudi. Bibi akakunja uso. Siku nyingine akachelewa zaidi, akafokewa. Mara ya tatu bibi akachomoa komeo la mlango akampiga nalo kichwani. Kali akatoka nje damu zinamchuruzika, akawaita majirani waje waone kazi ya mpole wao.

Vedehika ni mimi. Nilikaa nusu saa kila alfajiri kwa miezi minne, nikadhani nimeiva. Kisha kijana ninayemfundisha kazi akakata kitenge cha mteja juu chini, maua ya mgongoni yote yanatazama ardhini, na send-off ni kesho yake. Niliyomwambia mbele za watu siyaandiki.

Tangu hapo sijipimi tena kwa utulivu wa alfajiri. Najipima kwenye meza ya kukatia. Kwangu hasira huanzia kwenye taya, masikio yakapata moto, halafu vidole vikabana mkasi. Kwako huenda ni tumbo au koo, jichunguze. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, hisia hiyo ya mwanzo huitwa vedana: tamu, chungu, au isiyo huku wala huko. Ukiishika hapo, ikiwa bado ni chungu tu na haijapata jina la mtu, una nafasi. Mimi huweka mkasi mezani. Ndiyo sehemu kubwa ya kutafakari kwangu, kuweka mkasi mezani.

Lakini usiimeze. Kuimeza na kuitazama ni vitu viwili; aliyeimeza utamjua usiku, hapati usingizi.

Utafundishwa pia metta, kumtakia mtu heri. Usianze na adui. Mimi nilianza na mteja aliyechukua suti mbili akazima simu, nikainuka pale nimemkasirikia upya, na hesabu ya deni nimeikumbuka hadi senti. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alipanga hivi: anza na nafsi yako, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki mpendwa, kisha mtu usiyempenda wala kumchukia, adui awe wa mwisho. Wangu nisiyempenda wala kumchukia ni muuza maji anayepita na toroli. Kwa adui bado sijafika vizuri. Buddhaghosa huyohuyo anasema mwenye hasira ni kama mtu aliyeokota kaa la moto, au mavi, amtupie mwenzake. Hilo la pili ndilo hunisaidia zaidi, kwa sababu hunichekesha.

Mwezi uliopita kijana yuleyule aliunguza satini ya watu kwa pasi. Taya likakaza. Nikaweka mkasi, nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi.

"Hebu nionyeshe pasi uliiweka namba ngapi."

"Moja, fundi."

Nikaiwasha mwenyewe kwenye moja, nikaijaribu kwenye kipande cha satini. Ikaunguza. Pasi ni mbovu, na niliinunua mimi.