"Miswada ya Darwin" ama maandishi yake?

Mwalimu mmoja wa Likoni ameniuliza hivi: alikuwa anawaonyesha wanafunzi wake karatasi za Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, kwa simu, kutoka Darwin Online, ile maktaba ya dijitali iliyofunguliwa 2006 na kuisoma ni bure, akaziita "miswada ya Darwin", darasa zima likacheka likauliza ilipitishwa na Bunge gani. Mwenzake akamwambia aseme tu "maandishi". Nani yuko sawa?

Mwalimu wangu, hukukosea, ila neno umelibebesha mzigo usio wake. Mswada ni andiko ambalo bado halijapigwa chapa, asili yake Kiarabu, musawwada, yaani karatasi iliyotiwa weusi wa wino, na huo wa Bunge umetoka hapo hapo maana ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Shida ni kwamba hapa Kenya twausikia wa Bunge kila siku kwa habari mpaka ile maana ya kwanza imefunikwa, na mimi inaniuma sana, kwa sababu mashairi ya Muyaka wetu wa hapa Mombasa yametufikia kwa miswada, na mingine iko London mpaka leo.

Sasa kwa Darwin, miswada ni zile kurasa za kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, alizoziandika kwa mkono kabla hazijaenda kwa mchapishaji. Nyingi zimepotea, na kati ya chache zilizobaki kuna ambazo watoto wake walichora picha kwa nyuma, hizo watafutie wanafunzi wallahi watazipenda. Lakini lile la 1837 lenye mchoro wa mti wa viumbe ni daftari, alikuwa anajiwazia mwenyewe, hakuandika ili lichapwe. Na barua alizoandika na kuandikiwa, takriban 15,000 zinazojulikana, ni barua basi.

"Maandishi" ni sahihi pia lakini lameza kila kitu, hata kitabu kilichochapwa kimo. Alafu usilichanganye na mwandiko, huo ni vile mkono unavyozichora herufi, wengi wetu hapa twasema khati. Kwa hivyo "mwandiko wa Darwin wasomeka kwa taabu" ni sawa, lakini "nimesoma mwandiko wa Darwin kuhusu minyoo" hapana, hapo sema kitabu.

Darasani ukiona Bunge litarudi tena, sema "mswada wa kitabu", watakuelewa.