Jino lililovimba halisubiri dozi iishe

Mleta uzi, umeandika kwamba gego lako la chini lilivimba wiki iliyopita, kwamba muuzaji wa duka la dawa amekupa antibayotiki mbili, amoksilini na metronidazo, kwamba maumivu yamekwisha, na sasa unauliza kama unaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi na kuziba jino kunagharimu kiasi gani. Usisubiri. Nenda kwa daktari wa meno leo, uvimbe ukiwa hapo hapo ulipo, kwa sababu maneno uliyoambiwa ndiyo tuliyoambiwa sisi kuhusu mdogo wangu, na yalimfikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Aliyetuuzia dawa alisema kwa uhakika kabisa kwamba jino lililovimba haling'olewi, eti ganzi haishiki na usaha utapanda kichwani, hivyo tumalize dozi kwanza. Tukaimaliza. Uvimbe ulinywea, akala, akalala, nasi tukamshukuru yule muuzaji. Hakuna aliyetueleza kwamba jino lililooza linaweza kuacha kuuma kwa sababu kiini chake, yaani nyama laini ya ndani yenye neva na damu, kimekufa, au kwa sababu usaha umepata pa kutokea. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya kiini kilichokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo bakteria hubaki humo wakisubiri dozi iishe. Ni sawa na kudeki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja.

Uvimbe uliporudi haukurudi shavuni. Ulishuka chini ya taya, pande zote mbili, ngozi ya chini ya kidevu ikawa ngumu hata ukiibonyeza haibonyei, ulimi ukainuliwa hadi karibu na kaakaa, mate yakawa yanamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza, na mdomo haufunguki hata upana wa kidole kimoja. Daktari aliyempokea alituambia kwamba hiyo ni angina ya Ludwig, maambukizi ya sakafu ya mdomo, iliyopewa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini hufika chini ya msuli unaobeba sakafu ya mdomo, na usaha ukitokea huko hushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi. Walimpasua chini ya kidevu, wakaweka mipira ya kutolea usaha, na jino lile lile tulilokatazwa kuligusa likang'olewa hapo hapo, uvimbe ukiwa mkubwa kuliko ulivyowahi kuwa.

Bado nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayeuza dawa bila hata kumwambia mgonjwa afungue mdomo hana haki ya kumpangia siku ya kwenda hospitali. Ni kweli kwamba ganzi hupungua nguvu ikichomwa kwenye nyama yenye usaha, lakini daktari wa meno huichoma kwenye neva iliyo mbali na uvimbe, nyuma ya taya. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unasema kwamba kwa watu wazima wengi wanaoweza kupata tiba ya jino lenyewe, antibayotiki hazihitajiki kabisa. Zinahitajika pale maambukizi yanapoenea, kwa mfano mgonjwa akiwa na homa na mwili kulegea.

Tiba ni kuutoa usaha na kuondoa chanzo chake, ama kwa kung'oa jino, ama kwa kulitoboa na kusafisha mizizi yake hadi ncha. Ukizibwa juu tu huku mizizi haijasafishwa, usaha umefungiwa ndani, kwa hiyo usikubali. Kwa maumivu, parasetamo ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na usibandike aspirini kwenye fizi kwa sababu huiunguza.

Kabla hujatoka nyumbani, jaribu kusimamisha vidole vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, au ukipata shida kumeza au kupumua, au uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, usiende kliniki ya meno kupanga foleni. Nenda moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali kubwa, hata kama ni usiku, na ubebe pakiti za dawa ulizokwisha kumeza ili wazione.